Unaingia uwanjani bure, halafu unalalamika?

"Nyie waandishi wa michezo mnakula raha: mpira bure, na mshahara juu." Nimeambiwa hivyo kwenye daladala, msibani, hata na shemeji yangu. Bure ni kweli. Mshahara je? Wengi wetu ni wa kujitegemea, tunalipwa kwa stori iliyotoka. Isipotoka, nauli umejilipia.

Raha ya mpira nayo, muulize aliyekuwa kazini Oktoba 20, 2013, Uwanja wa Taifa, ambao leo ni Benjamin Mkapa. Hadi mapumziko Yanga inaongoza 3-0 dhidi ya Simba. Mwandishi wa gazeti hangoji filimbi ya mwisho, maana mtambo wa kuchapa una saa yake na magazeti ya mikoani lazima yasafiri usiku. Kwa hiyo wakati wa mapumziko unaandika: wafungaji, dakika, "karamu ya mabao". Kipindi cha pili Simba ikarudisha yote matatu. Ukiwa na stori ya karamu mkononi, unafuta na kuanza upya, macho kwenye kompyuta, unamuuliza wa pembeni: "Nani kafunga? Kichwa au mguu?" Watu maelfu wameona bao, wewe unayelipwa kuliona umesikia kelele tu.

Dhana nyingine: kichwa cha habari ni cha mwandishi. Si chake. Mara nyingi hukiweka mhariri, kwa kuangalia nafasi na mauzo. Unapeleka stori kwamba mazungumzo yameanza, asubuhi ukurasa wa mbele unapiga kelele "ATUA JANGWANI!", yaani mchezaji keshasaini Yanga. Matusi yanakuja kwako, jina lako ndilo liko pale.

"Habari za usajili mnazitunga." Hapa nakubali nusu. Watungaji wapo, na sisi wenyewe tunawaita makanjanja. Ila hata asiyetunga anaweza kudanganywa, kwa sababu kila anayempigia simu ana lake. Wakala anataka dau lipande. Kiongozi anataka kuwatuliza mashabiki baada ya kipigo. Mchezaji anataka klabu yake isikie kwamba anatafutwa, aongezewe mkataba. Wote watatu wanaweza kukupa jina lilelile siku moja, na ukadhani umethibitisha kwa vyanzo vitatu! Mimi huwa naanza na swali moja: huyu anafaidika nini nikiiandika leo? Kisha natafuta mtu asiyepata chochote, na huyo kwa kawaida si mtu wa kupiga simu.

Wapo pia wanaodhani mechi isipochezwa tunalala. Machi 8, 2025 dabi ya Kariakoo iliahirishwa siku yenyewe ya mchezo, baada ya Simba kusema haitacheza kwa kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku uliotangulia. Ikapigwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Katikati hapo ni zaidi ya miezi mitatu ya kusoma kanuni za ligi kifungu kwa kifungu, taarifa za Bodi ya Ligi na majibu ya klabu. Kuandika juu ya bao ni kazi nyepesi mno ukilinganisha na hiyo.

Na kwamba kila mwandishi ni Simba au Yanga? Wengi tulikulia upande mmoja, tusidanganyane. Lakini kwenye jukwaa la waandishi kushangilia ni mwiko. Shemeji bado ananichunguza.