Kabla Hujaukata Wimbo: Kwa Shabiki Anayepanga na Kuchanganya Muziki Nyumbani

Faili lenye jina AUD-20210814-WA0007 halikwambii lolote. Ndani yake huenda mna Zuhura Swaleh akiimba, huenda mna mawaidha ya Ijumaa. Lakini hivyo ndivyo muziki mwingi wa Pwani unavyozunguka Mombasa siku hizi: kutoka simu hadi simu, kutoka fleshi ya tuktuk ya Likoni hadi spika ya harusi Kisauni, pasi na jina la mwimbaji, la mtunzi wala mwaka. Katika kazi yetu ya kuhifadhi kumbukumbu za sauti tunaletewa fleshi kama hizo, na mwenyewe akiulizwa zina nini hujibu, "Nyimbo za zamani." Makala haya yanamlenga shabiki: kijana anayejipangia nyimbo za safari, shangazi anayeandaa nyimbo za kesha la harusi, mwanafunzi anayeutia wimbo mdundo mpya kwenye kompyuta ya chumbani. Wote tunawahimiza waendelee. Tunachowaomba ni kwamba rekodi ya asili isiguswe, na majina ya walioifanya yasitengane nayo.

Kuchanganya muziki si ugeni katika mji huu, wala si utovu wa adabu. Mohamed Khamis Juma Bhalo alijijengea jina kwa kuchukua tuni za filamu za Kihindi na kuzitilia mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa yametungwa na jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir. Tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonyezo kama vya taipureta, ilitoka Japani ikaingia kwenye taarab ya Mombasa ikawa yetu. Chakacha ilikuwa ngoma ya wanawake harusini kabla bendi za magitaa kuichukua na kuipeleka hotelini. Joseph Ngala na saksafoni yake wakatupa bango, mtindo wa muziki wa Pwani. Na mbali na huku, mjini Kingston, Jamaika, mwanzoni mwa miaka ya 1970, fundi mitambo King Tubby alikuwa akiizima sauti ya mwimbaji, anabakisha ngoma na besi, kisha anatia mwangwi. Wengi wanaotengeneza rimiksi leo, wajue wasijue, wanafuata nyayo zake.

Wote hao walijua wanachukua kwa nani. Msikilizaji wa Juma Bhalo aliyekwisha kwenda sinema aliitambua tuni, akajua na mshairi ni nani. Ujuzi huo ndio unaotupotea.

Zamani kaseti ilimlazimisha shabiki kuwa mpangaji makini. Philips iliitoa mwaka 1963, na kanda ya C-90 ilichukua dakika 45 kila upande. Wimbo wa taarab mara nyingi hupita dakika saba, kwa hiyo upande mmoja ulibeba nyimbo tano au sita tu, na ilibidi mtu achague kwa moyo mgumu. Maduka ya Mombasa kama Assanand & Sons, wenye lebo ya Mzuri, na Mbwana Radio Service yalitoa rekodi nyingi ambazo bado zinasikilizwa. Nyingi za kaseti hizo zilinaswa harusini mubashara, ndiyo maana unasikia vigelegele na watu wakiwatuza waimbaji. Aliyenakili nyumbani aliandika kwa kalamu kwenye karatasi ya ndani ya kasha: upande A, upande B, nani kaimba, harusi ya wapi. Tumewahi kupokea kanda ambazo sauti yake imefifia kabisa, lakini karatasi ile ikatuwezesha kuitafuta rekodi ileile kwa mtu mwingine. Fleshi haina karatasi. Lazima uiandike wewe.

Kila faili la MP3 lina nafasi ndani yake za kuandika jina la wimbo, mwimbaji, albamu, mwaka na mtunzi. Programu nyingi za kuchezea muziki, za simu na za kompyuta, hukuruhusu kuzijaza. Kwa taarab, nafasi ya mtunzi ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu aliyeimba na aliyetunga shairi mara nyingi ni watu wawili. Usipojua jina la wimbo, andika mshororo wa kwanza kama unavyosikika. Usipokuwa na hakika ya mwimbaji, andika unayemdhania na uweke alama ya kuuliza. Dhana iliyotiwa alama ina faida, dhana iliyoandikwa kama ukweli inapotosha watu miaka mingi. Kwenye nafasi ya maelezo, andika ulikoipata: kaseti ya nani, upande gani, nani alikutumia. Halafu keti na bibi yako au mzee yeyote aliyekulia Kibokoni au Majengo, umchezee nusu dakika ya mwanzo. Wengi wao hawahitaji hata kusubiri mwimbaji aanze; wakisikia tu namna kinanda kinavyoingia, wanakutajia kikundi. Andika hapo hapo. Ukiutuma wimbo huo kwa WhatsApp, utume kama hati, usiutume kama sauti, ama jina lake litabadilishwa na kuwa yale matarakimu tuliyoanza nayo.

Kuhusu orodha zenyewe, watu wana ladha zao na hatuna la kuwafundisha, ila mambo mawili. Kwanza, rekodi za zamani zina sauti ya chini na za leo zina sauti ya juu sana, kwa hiyo ukitoka kwa mwimbaji wa taarab Zein l'Abdin ukaingia moja kwa moja kwenye Bongo Fleva, masikio yanashtuka. Tumia kitufe cha kusawazisha sauti kilichomo ndani ya programu ya kuchezea. Usiyaongeze sauti mafaili yenyewe, kwa maana ukipitiliza, vilele vya mawimbi vinakatwa na sauti inapasuka, na hilo halirudi. Pili, Spotify iliingia Kenya mwaka 2021, na pamoja na huduma nyingine za aina yake imerahisisha sana kupanga nyimbo. Lakini unachokimiliki pale ni orodha ya majina tu. Mkataba kati ya kampuni na mwenye wimbo ukiisha, wimbo huondoka, na kwenye orodha yako pakabaki pengo. Orodha unayoithamini, ya harusi ya dada yako au ya marehemu baba, iandike pia kwenye daftari.

Ukiwa na kaseti nyumbani, huo ni utajiri, na unyevu wa Pwani unaula kila siku. Itazame kanda kupitia dirisha la kaseti: ukiona unga mweupe au madoa, hiyo ni kuvu, usiiweke kwenye redio, maana itachafua mashine na kuambukiza kanda nyingine, mpelekee anayejua kuisafisha. Iliyo salama, iviringishe mwanzo hadi mwisho na kurudi kabla ya kuinakili, ili ilegee sawasawa. Unganisha redio na kompyuta kwa waya. Usiweke simu mbele ya spika, kwa sababu utanasa na feni, na jogoo wa jirani, na muadhini. Nakili kwa WAV, aina ya faili isiyotupa sehemu yoyote ya sauti, na kilele cha sauti kibaki chini kidogo ya mwisho wa kipimo. Na tafadhali usiondoe mkwaruzo kabla ya kuhifadhi. Programu inayoondoa mkwaruzo huondoa pia pumzi ya mwimbaji na ncha za nyuzi za udi. Safisha nakala ya pili. Ya kwanza iache ilivyo.

WAV ya kiwango cha CD, yaani vipimo 44,100 kwa sekunde, huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika, ilhali MP3 ya kilobiti 128 huchukua moja tu. Kwa hivyo watu huikimbilia MP3. Lakini wimbo wa dakika nane kwa WAV ni megabaiti 80 hivi, na fleshi ya gigabaiti 32 itabeba nyimbo kama 400 za namna hiyo. Hiyo ni hazina ya ukoo mzima. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili iwe nyepesi, na ukiifungua, ukaikata, ukaihifadhi tena kama MP3, hutupa nyingine. Rimiksi ya rimiksi iliyopitia simu tano husikika kwa umbali, matoazi yakiwa yamegeuka kuwa mvumo wa maji.

Sasa rimiksi yenyewe. Audacity ni programu ya bure iliyoko tangu mwaka 2000 na inatosha kwa mwanzo. Tatizo analokutana nalo karibu kila kijana wa Mombasa ni chakacha. Mdundo wake ni wa sita kwa nane, na uzuri wake ni kuwa zile sita zinagawika tatu-tatu na mbili-mbili kwa wakati mmoja. Mguu unahesabu mbili, kiuno kinahesabu tatu. Kompyuta haijui mguu uko wapi. Wimbo ambao mguu wako unapiga mara 100 kwa dakika, programu inaweza kuuandika 150, ukautia ngoma ya disko ya nne kwa nne ya kasi hiyo, kila kitu kikagombana. Puuza namba ya kompyuta. Piga mwenyewe kwa kidole kwenye kibodi ukifuata mguu, kisha igawe gridi, yaani mistari ya mapigo kwenye programu, kwa tatu, ndipo uweke ngoma zako. Kumbuka pia kwamba wanamuziki wa harusini hawakucheza kwa saa. Beti la mwisho huwa na kasi kuliko la kwanza. Usiuvute wimbo mzima ulingane na kompyuta. Ukate beti kwa beti, mdundo umfuate mwimbaji.

Na unapokata, kata palipo na pumzi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, vipande viwili vya nane-nane, na mwimbaji hupumua mwishoni mwa kipande. Ukikata katikati ya kipande ili urudierudie neno moja, unaweza kupata mdundo mtamu, lakini umemfanya mshairi aseme asilolisema. Mashairi ya taarab yana mafumbo. Neno moja likinyofolewa huweza kuwa tusi kwa mtu.

Ukiongeza kasi kwa asilimia 6 hivi bila kukifunga kimo cha sauti kisipande, wimbo hupanda nusu toni na mwimbaji anaanza kuwa mtu mwingine. Kaseti nyingi tayari zimeharakishwa au kuchelewa kwa sababu ya mota iliyochoka. Namna moja ya kukisia: umeme wetu ni wa hezi 50, na mngurumo wake mara nyingi ulinaswa pamoja na muziki. Mchoro wa masafa ukikuonyesha mngurumo kwenye 52, huenda kanda inakwenda kasi kwa asilimia 4.

Programu za kutenganisha sauti na ala, kama Spleeter iliyotolewa na kampuni ya Deezer mwaka 2019, zinashangaza kwa muziki wa studio. Kwa rekodi ya harusi matokeo ni haba. Zimejengwa kutafuta sauti, ngoma, besi na piano. Fidla inayomfuata mwimbaji hatua kwa hatua huzichanganya, ikaja nusu huku na nusu kule. Ni afadhali kuongeza juu ya rekodi nzima kuliko kuirarua.

Sheria inasemaje? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamruhusu mtu kunakili rekodi ya sauti nakala moja kwa matumizi yake binafsi. Kuigeuza kazi na kuitoa hadharani ni haki ya mwenyewe, na wenyewe huwa wawili: mwenye tungo na mwenye rekodi. Rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo ya 1970 ulinzi wake ulikwisha mwishoni mwa 2020. Tungo hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Juma Bhalo alifariki 2014. Alichotunga yeye mwenyewe kinalindwa hadi mwisho wa 2064, hata kama kanda yenyewe ni ya zamani. Tena mtunzi ana haki ya kutajwa na ya kukataa kazi yake kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Matatu, hoteli na kumbi hulipia leseni kupitia vyama vya kukusanya mirabaha. YouTube nayo imekuwa na mtambo wa kulinganisha sauti tangu 2007, unaoutambua wimbo hata ukiubadilisha jina.

Masikio yako pia yanahitaji kulindwa. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 husikilizwa salama saa 40 kwa wiki, na ya desibeli 90 saa 4 tu. Anayechanganya muziki usiku kucha kwa hedifoni anazimaliza saa hizo upesi, basi apunguze sauti na apumzike.

Ukitaka kuipeleka rimiksi nje, anza kwa kuwatafuta jamaa wa mtunzi. Mombasa ni mji wa kuulizana. Kutoka Mji wa Kale hadi Tudor, kuna mtu anayemjua mtoto wake au mpiga fidla wake. Nenda kwa adabu, wachezee ulichokifanya kuanzia mwanzo hadi mwisho, waeleze utakiweka wapi na kama kuna pesa. Wakikubali, omba waandike, hata kwa ujumbe wa simu, wakitaja jina la wimbo na matumizi. Wakikataa, rimiksi ibaki chumbani. Ujumbe wa ruhusa uhifadhi kwenye folda moja na WAV ya asili, rimiksi yako, na majina uliyoyakusanya.