Badiliko la bei ya nyumba mpya kwa mwezi, na kwa nini kila eneo lina lake

Kila mwezi Statistics Canada, taasisi ya takwimu ya Kanada, hutoa Fahirisi ya Bei za Nyumba Mpya, yaani namba inayoonyesha bei zimebadilika kiasi gani. Ukisikia imepanda kwa asilimia 0.2, maana yake wakandarasi wanauza nyumba mpya kwa bei iliyozidi ile ya mwezi uliotangulia kwa kiasi hicho. Nyumba zilizokwisha kukaliwa hazihesabiwi, wala fleti za maghorofani, wala kodi ya mauzo.

Kinacholinganishwa ni nyumba ya aina ile ile. Mkandarasi akiongeza gereji kubwa mwezi unaofuata na bei ikapanda, thamani ya gereji huondolewa kwanza. Kinachobaki ndicho badiliko halisi.

Sasa tuje kwenye maeneo, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Fahirisi hukusanywa katika miji mikubwa 27, na kila mji una mwendo wake. Bei ya mafuta ilipoporomoka kuanzia katikati ya 2014, ajira zilipungua Alberta, jimbo linalotegemea mafuta. Soko la nyumba mpya la Calgary, mji wa jimbo hilo, likapoa huku la Toronto likizidi kupaa. Mbao na saruji zinaweza kupanda bei nchi nzima kwa pamoja, lakini kiwanja hakihamishiki. Ndiyo maana fahirisi hutenganisha jengo na ardhi, na mimi naona safu hizo mbili zinafaa kusomwa kabla ya jumla yenyewe.

Wastani wa taifa nao una mtego wake, kwa kuwa miji haina uzito sawa: unaojenga zaidi huhesabiwa zaidi. Chukulia mji mmoja una uzito wa asilimia 30 na bei zake zimeshuka kwa asilimia 1, ilhali kwingine kote zimepanda kwa 0.3. Jumla inatoka hasi, karibu 0.1 chini. Tangazo litasema nyumba mpya zimeshuka bei, na mnunuzi wa mji mwingine wowote atakuta zimepanda.

Jambo jingine: fahirisi ya kila mji iliwekwa kuwa 100 kwa Desemba 2016. Kwa hiyo fahirisi ya 130 haimaanishi mji huo ni ghali kuliko wenye 105. Inaonyesha tu umepanda zaidi tangu wakati huo. Huo wa 105 unaweza kuwa na nyumba za bei maradufu.