Ile 9 nyekundu kwenye bastola ya Mauser C96 sio idadi ya risasi

Watu wengi wakiona ile 9 kubwa nyekundu kwenye mpini wa mbao wa Mauser C96 wanadhani ni idadi ya risasi, na kusema kweli inaingia akilini. Ila bastola hii ya Mjerumani kwa kawaida inabeba risasi 10. Ishu ni kwamba C96 ilizoeleka na risasi za milimita 7.63, sasa mwaka 1916 vita ya kwanza ya dunia imepamba moto jeshi la Ujerumani likaagiza bastola za risasi za milimita 9, na kwa nje bastola hizo mbili zinafanana kama mapacha, ndo wakachonga hiyo 9 askari asichanganye risasi. Ukitaka kuhakiki, linganisha picha za makumbusho, soma kipenyo cha risasi kilichoandikwa pale. Namba ya bastola yenyewe imegongwa kwenye chuma.