Impreza WRX ya 2003: uichukue au uiache?

Ujumbe huwa unakuja na picha tatu. Gari limeoshwa, rimu zinang'aa, nyuma kuna migomba au ukuta wa baa. "Fundi, WRX ya 2003, namba D, jamaa ana shida ya hela, nichukue?" Picha ya injini haimo. Picha ya karatasi yoyote haimo. Mtu yuko tayari kutoa mamilioni kwa sababu ya rangi ya bluu na ekzosi nene.

Kazi yangu ni injini, hapa Arusha, na wateja wangu wengi wana Subaru za tabo (turbo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na Toyota za zamani zenye mbio. Nitaandika kwa kutumia WRX, ile Subaru Impreza yenye tabo, kama mfano kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi, lakini mengi ya hapa yanagusa gari lolote la aina hiyo lenye miaka 20 na ushee. Msimamo wangu uko wazi: bei anayokutajia muuzaji ndiyo taarifa isiyo na uzito kuliko zote. Kinachoamua ni nani alilishika kabla yako, alichofanya, na alichoacha kufanya.

Tuanze na hiyo namba D. Inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la 2001 na la 2010 yanaweza kuwa na herufi moja. Umri unausoma kwenye namba ya chesisi. Ikianza na GDA ni WRX ya kawaida ya kizazi hicho, ikianza na GDB ndiyo STI yenyewe, toleo lenye nguvu zaidi. Nimeona GDA nyingi zilizobandikwa nembo ya STI ya waridi na kuuzwa kwa bei ya STI. Ukitaka uhakika wa pili, hesabu gia: STI ya kizazi hicho ina sita, WRX ya manyo (gia za mkono) ina tano.

Kwa nini watu wanazililia naelewa. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, Richard Burns akaishinda tena na Impreza mwaka 2000, na kwa sisi tulio karibu na mpaka wa Namanga hizo hazikuwa habari za mbali. Machalii wa Arusha wamekua na mlio huo masikioni.

Ila soko lenyewe limebadilika. Kuagiza gari la umri huu kutoka Japani leo unalipa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, VAT, halafu TRA wanaongeza na wa uchakavu kwa sababu ya umri. Huko huko Japani bei nazo zimepanda, kwani sheria ya Marekani inaruhusu gari lililofikisha miaka 25 kuingia hata kama halikutengenezwa kwa soko lao, na Wamarekani wanazinunua. Matokeo yake, WRX utakayoonyeshwa hapa mjini kwa kawaida iliingia zamani na imeshapita mikononi mwa watu wengi: mwongoza watalii, mfanyabiashara wa Tanzanite, kijana aliyerithi, dalali. Kila mmoja ameigusa kidogo.

Kwa hiyo jambo la kwanza nalolitafuta ni mikono. Muuzaji akiniambia, "Kaka, hili halijawahi kufunguliwa," nafungua boneti na kuangalia vichwa vya bolti. Bolti iliyowahi kufunguliwa ina alama ya spana, na silikoni iliyotapakaa kwenye kingo za injini haikutoka nayo kiwandani. Injini kufunguliwa si dhambi. Uongo ndio unaonifanya nihesabu upya kila kitu kingine alichosema. Kisha geuza swichi bila kuwasha injini: taa zote za dashibodi lazima ziwake, ile ya injini ikiwemo. Isipowaka, kuna mtu ameizima ili usiione.

Injini ya WRX, EJ20, ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Mkanda wa taimingi ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo huzungumzii tena mkanda, unazungumzia silinda hedi. Kwa Japani mkanda huo hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, lakini kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi ya gari lililopita mikononi mwa watu watano mimi siziamini. Kama hakuna risiti wala tarehe iliyoandikwa kwenye kava, ichukulie kazi hiyo haijafanyika, na uipunguze kwenye bei.

Njoo asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa. Hilo mwambie muuzaji kwa simu usiku uliotangulia, na ukifika gusa injini kwa mkono. Ukikuta ya moto, jiulize alikuwa anaficha nini. EJ20 ikiwa baridi inaweza kugonga kidogo, pistoni zikichezacheza kabla ya kutanuka, na mlio huo ukipotea injini ikipata moto mimi sihofu sana. Mlio wa kuogopa ni ule unaozidi kadiri injini inavyopata moto, mzito, unaofuata mwendo wa injini ukikanyaga na kuachia. Hizo ni beringi za konrodi, na chanzo chake mara nyingi ni oili iliyoachwa ishuke. Injini za tabo za Subaru zinakula oili, na mwenye gari asiyechomoa kijiti kuangalia hadi taa iwake huwa ameshachelewa. Chomoa wewe. Oili ikiwa chini ya alama siku ya kuuza gari, siku nyingine ilikuwaje?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ukaguzi wa Dar es Salaam hautakuambia, nalo ni mwinuko. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Moshi iko chini ya mita 1,000, kwa hiyo pungufu yake ni ndogo. Gari lisilo na tabo linapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Toyota Altezza RS200, ambayo kiwandani imeandikiwa nguvu za farasi 210, hapa inabaki na 180 hivi, na sijui ni wangapi wameniletea gari walilolinunua Dar wakilalamika kwamba "limekufa" njiani. Halijafa. Limepanda mlima.

Tabo inafidia, na ndiyo sababu WRX inaonekana kama mnyama ukiiweka kando ya magari mengine ya hapa. Lakini inafidia kwa kuzunguka kasi zaidi ili ifikishe mgandamizo uleule. Tabo iliyochoka, ambayo pwani ingejikongoja mwaka mzima bila kuonyesha dalili, hapa inaanza kutoa moshi wa bluu mapema. Hiyo ni faida kwa mnunuzi, mradi uangalie: acha injini ikae bila mwendo kwa dakika kadhaa, halafu mwenzako akanyage huku wewe umesimama nyuma.

Mwinuko unavuruga pia kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Injini inayosoma 170 kwenye kipimo cha psi pwani itasoma 145 hivi hapa bila kuwa na ugonjwa wowote. Kuna mafundi wanaotumia namba hiyo kumtisha mteja afungue injini nzima, na kuna wauzaji wanaokuja na karatasi ya Dar kuonyesha kwamba injini ni nzima kuliko ya jirani. Usiangalie namba yenyewe, angalia tofauti kati ya silinda. Tatu zikisoma 145 na moja 115, hiyo moja ina tatizo, na kwenye EJ20 ya tabo nashuku kwanza kingo za pistoni zinazoshika ringi. Huvunjika pale mtu alipoongeza mgandamizo wa tabo bila kurekebisha mafuta, au alipotembelea petroli ya chini. STI za Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vyao huanzia oktani 96. Kama muuzaji anajisifu kwamba gari "limepandishwa" na hajui kompyuta yake ilipangwa na nani, kwa mafuta gani, mimi nafunga boneti na kumshukuru kwa muda wake.

Nikiwa hapohapo niseme kuhusu ile valvu inayopiga "pshii" mtu akiachia mafuta. Najua mnaipenda. Kompyuta ya Subaru inapima hewa mwanzoni kabisa, kabla haijafika kwenye tabo, na inamwaga petroli kulingana na hewa hiyo. Ukiitoa hewa nje badala ya kuirudisha kwenye bomba la kuvutia, petroli iliyokwisha kupimwa inabaki haina mwenzake. Unapata plagi nyeusi, moshi, na bili ya kituo cha mafuta. Kuirudishia ya kiwandani ni kazi ndogo, lakini kwangu ni dalili ya aina ya mtu aliyekuwa akilimiliki gari.

Upande wa kupoza injini, funua kifuniko cha rejeta ikiwa ya baridi. Ukiona maji ya kutu, hilo gari limekunywa maji ya bomba badala ya kulanti. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo mgandamizo unaoshikiliwa na kile kifuniko una kazi kubwa kuliko pwani. Kifuniko kilicholegea ni cha bei ndogo mno, nacho kinaua gasketi za silinda hedi. Mapovu yanayopanda kwenye chupa ya akiba injini ikiwa inaunguruma, hiyo ni gasketi tayari.

Kisha matairi, na hapa ndipo Watanzania tunapoziua Subaru bila kujua. WRX ya gia tano inagawa nguvu mbele na nyuma kupitia difu ya katikati yenye kimiminika kizito ndani. Imetegemea magurudumu manne yazunguke sawasawa. Ukiweka mawili mapya mbele na mawili yaliyoisha nyuma, difu inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka ya kwenda Moshi, inachemka, inakufa. Soma matairi yote manne: chapa, saizi, kina cha meno. Yakitofautiana sana, zungusha gari taratibu usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kwenye kiwanja. Likijivuta na kukaza kama limeshikwa breki, difu imekwisha. Giaboksi yenyewe ya gia tano haipendi watu wanaoachia klachi kwa fujo. Sikiliza gia ya kwanza hadi ya tatu, na kama ya pili inakwaruza ukishusha, zungumza bei upya.

Kutu ni fupi: inua zulia la buti, pitisha mkono ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma na pale shokapu za nyuma zinapofungwa juu. Magari yaliyotoka kaskazini ya Japani yaliishi kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Kama karatasi ya mnada wa Japani ipo, herufi R au RA pale kwenye daraja ina maana gari liligongwa na kutengenezwa.

Kulijaribu, nenda baipasi, ambako lami ina urefu wa kutosha kuhisi usukani, si kushindana. Tochi za trafiki zipo na mnazijua.

Je, ununue? Kama ndilo litakuwa gari lako pekee, la kupeleka watoto shule Njiro na kushuka Moshi kila wikiendi kwa wazee, jibu langu ni hapana, hata likiwa safi. Chukua Altezza AS200. Injini yake, 1G-FE, ndiyo ile ya Mark II za GX110, spea zipo kila duka na kila fundi anaijua. Haitakupa mlio wa WRX, na hapa juu itakuwa mvivu kidogo, lakini asubuhi itawaka. RS200 ina raha zaidi, ila spea za injini yake utazisubiri.

Kama una usafiri mwingine na una milioni 15, basi tafuta WRX ya milioni 10. Hizo tano si akiba, tayari zina kazi. Kama huwezi kuziacha pembeni, huna bajeti ya WRX bado. Subiri Aprili au Mei, watalii wakiwa wachache na magari mengi ya vijana wa utalii yakiingia sokoni; wauzaji wa kipindi hicho wanasikiliza.

Kabla ya kutoa hela, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi, kwani injini nyingi za EJ20 hapa ni za mtumba zilizobadilishwa kimyakimya. Angalia deni la faini kwenye mfumo wa trafiki kwa namba ya gari. Ulizia bima kubwa mapema, siyo kampuni zote zinazoipokea gari ya umri huu.

Ukishalichukua, wiki ya kwanza lisipelekwe popote isipokuwa gereji. Mkanda wa taimingi pamoja na roli zake na pampu ya maji, vyote kwa mkupuo, kwa sababu njia ya kuvifikia ni moja. Oili ya injini, ya giaboksi, na ya difu ya nyuma ambayo karibu kila mtu huisahau. Kulanti na kifuniko kipya cha rejeta. Matairi manne ya aina moja kama hayapo. Weka risiti zote kwenye faili moja ndani ya gari.