Mji usio na meya: yanayokosewa kuhusu sensa ya Marekani

Kwa Mtanzania, kila kijiji kina mwenyekiti na serikali yake, na hata kitongoji kina mwenyekiti. Ni vigumu basi kuwazia mahali penye maelfu ya wakazi, maduka na shule, lakini pasipo na serikali yake. Marekani pako pengi. Mara nyingi mambo ya mahali hapo huendeshwa moja kwa moja na kaunti, yaani wilaya ya jimbo, na sensa imepatengea fungu maalumu linaloitwa kwa kifupi CDP, yaani eneo lililoainishwa kwa ajili ya sensa.

Dhana: wakazi wa huko huhesabiwa pamoja na mji wa jirani.

Hapana. Wao huingia katika hesabu ya kaunti na ya jimbo, sawa na wengine. Tatizo lilikuwa jina: jamii inayojitambua na kutambuliwa na majirani zake ilikuwa ikipotelea ndani ya jumla ya kaunti. Ndiyo sababu tangu mwaka 1950 Ofisi ya Sensa huyachorea makazi ya namna hii mipaka ya kitakwimu. Jina CDP lenyewe lilianza kutumika mwaka 1980.

Dhana: jina likishaingia kwenye jedwali la sensa, mji umezaliwa.

Hili ndilo kosa kubwa. Mstari wa CDP hauna nguvu yoyote ya kisheria: hauleti meya, wala baraza, wala haki ya kutoza kodi. Tazama Paradise, jimboni Nevada. Mahoteli makubwa ya kasino ambayo dunia nzima huyaita Las Vegas, mengi yako Paradise, nje ya mpaka wa jiji hilo. Mwaka 1950 wenye kasino walipigania eneo lao libaki chini ya kaunti, jiji lisije likalimeza na kulitoza kodi zake. Sensa ya 2020 ilikuta hapo watu 191,238. Wote hao hawana meya wa kumpigia kura. Maamuzi yao makubwa hufanywa na makamishna wa Kaunti ya Clark.

Dhana: basi ni lazima pawe na watu angalau elfu moja.

Zamani, ndiyo, isipokuwa sehemu chache kama Alaska. Kuanzia sensa ya 2000 kiwango hicho kiliondolewa, na nadhani ulikuwa uamuzi wa haki, kwani makazi ya watu mia mbili nayo yanastahili takwimu zake. Upande wa juu hakuna kikomo: Arlington, Virginia, ilikuwa na watu 238,643 mwaka 2020. Hawaii nzima haina manispaa hata moja, kwa hiyo hata Honolulu ya kwenye majedwali ya sensa ni CDP.

Dhana: mpaka wa CDP ndio ule wa anwani ya posta.

Wenye ndugu Silver Spring, Maryland, wanapaswa kulijua hili. Barua nyingi zenye jina hilo hufika kwenye nyumba zilizo mbali nje ya CDP ya Silver Spring, ambayo mwaka 2020 ilikuwa na watu 81,015. Posta hufuata njia zake za kusambaza barua. Mipaka ya sensa hupitiwa upya kabla ya kila hesabu, na maofisa wa maeneo husika ndio hupendekeza ipite wapi. Kwa hiyo ukiona idadi imepanda au kushuka ghafla kati ya sensa mbili, angalia kwanza kama mstari haukusogezwa.