Fibromialjia na kusahau: shida huanzia pale jambo linapoingia

Watu wenye fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu yaliyoenea mwilini, wakija kwangu huanza na maumivu hayo: mabega, kiuno, nyonga, vidole vinavyoamka vimekakamaa. Habari ya kusahau huja mwisho kabisa, mtu ameshashika mkoba na anatafuta viatu. "Halafu daktari, kuna na hili jingine." (Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ninayewasaidia watu kumudu shughuli zao za kila siku, si daktari, ila kurekebisha nimeshachoka.) Hajui kama asubuhi alimeza dawa au hakumeza. Ameingia chumbani akabaki amesimama, hakumbuki alifuata nini. Alikuwa anazungumza na wakwe, neno la kawaida kabisa likagoma kuja, akanyamaza katikati ya sentensi. Kisha anauliza lile linalomnyima raha: "Au ndiyo naanza kuchanganyikiwa? Maana bibi yangu alianza hivi hivi."

Mara nyingi jibu ni hapana. Lakini kumwambia mtu hapana peke yake hakumsaidii, kesho atasahau tena na hofu itarudi. Afadhali ajue kinachotokea kichwani mwake, kwa sababu ukishakijua, unajua pia pa kuweka nguvu na pa kuacha kujichosha.

Kwanza, kusahau ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Vigezo vya kutambua ugonjwa huu vilivyotolewa mwaka 1990 na Chuo cha Rumatolojia cha Marekani, yaani chama cha wataalamu wa magonjwa ya viungo, vilihusu mwili tu: daktari alibonyeza sehemu 18, na mgonjwa akiumia katika 11 au zaidi, pamoja na maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi mitatu, alihesabiwa ana fibromialjia. Mwaka 2010 kubonyeza huko kukaondolewa. Badala yake wakaweka orodha ya sehemu zinazouma, na alama za mambo matatu: uchovu, kuamka bila kuhisi kwamba umelala, na matatizo ya kufikiri na kukumbuka. Kila moja hupewa alama 0 hadi 3. Vigezo vilipopitiwa tena mwaka 2016, jambo hilo la tatu lilibaki palepale. Kwa hiyo ukimwambia daktari kwamba unasahau, humwongezei malalamiko. Unampa kipimo.

Pili, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kusahau huku kuna sura yake. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake wenye fibromialjia, wakiwalinganisha na wenzao wa rika moja wasioumwa, na pia na wanawake waliowazidi kama miaka 20. Kasi ya kufikiri haikuwa na kasoro, ilikuwa ya rika lao. Walipokwama ni kwenye kukumbuka orodha ya maneno, kupata maneno haraka, na kushika jambo akilini huku wakilifanyia kazi, kama unavyoshika bei ya kilo ya mchele huku unahesabu chenji. Katika baadhi ya vipimo hivyo walifanana na wale waliowazidi umri. Huzuni haikutosha kueleza tofauti hiyo, ila maumivu yalihusiana nayo.

Miaka michache baadaye Frank Leavitt na Robert Katz, waliokuwa Chicago, walionyesha jambo ambalo mimi hulitumia karibu kila siku kazini. Watu wenye fibromialjia walikumbuka vizuri mambo waliyopewa kwa utulivu. Walipopewa kitu kidogo cha kukumbuka, kisha wakatupiwa kazi nyingine papo hapo kabla ya kuulizwa, walikipoteza kuliko wengine. Maana yake mengi ya yale unayosema umeyasahau hayakupotea ndani. Hayakupata nafasi ya kutua.

Maumivu yasiyokoma ni redio ya jirani inayopigwa mchana kutwa. Unaweza kuizoea mpaka ukasema huisikii, lakini ukitaka kusoma barua ya maana utajua kwamba ipo. Ubongo wa mwenye fibromialjia umeongeza sauti ya ishara za maumivu, na kuzisikiliza kunakula umakini uleule unaohitajika kuandika jambo jipya kichwani. Juu yake weka usingizi. Huko Toronto, katika miaka ya 1970, Harvey Moldofsky na wenzake walikuta usingizi mzito wa wagonjwa hawa unaingiliwa na mawimbi ya ubongo wa mtu aliye macho. Wakawachukua watu wazima wenye afya, wakawavuruga kila walipoingia kwenye usingizi mzito, nao wakaanza kuumwa mwili. Na usingizi huo ndio unaosaidia ubongo kupanga yaliyoingia mchana. Mtu anayeamka amechoka kuliko alivyolala hawezi kulaumiwa kwa uvivu wa akili.

Sasa kwenye vitendo. Nitoe mfano wa mama mmoja ambaye mambo yake nimeyabadilisha ili asijulikane. Ni kijumbe wa upatu na anauza chakula asubuhi. Wenzake walikuwa wakimpa pesa za mchezo palepale kwenye biashara, chapati zinaungua, mteja anadai chai, bega linawaka. Jioni mmoja wao anasema amelipa, na mama huyu hakumbuki kabisa. Watu wakaanza kunong'ona. Unaweza kuwa na fibromialjia miaka yote mtaa usijue, lakini pesa za watu zikiyumba, mtaa mzima unajua.

Alipofika kwangu alitaka mazoezi ya kumbukumbu. Nikamwambia tuache kumbukumbu, tuangalie ile dakika ya kupokea. Ilikuwa na mambo manne kwa wakati mmoja, na hata mimi nisiyeumwa ningepoteza moja. Tukakubaliana sheria mbili. Anayetaka kulipa asubuhi atume kwa simu, kwa sababu ujumbe wa muamala una jina, kiasi, tarehe na saa, na haumtegemei mtu kukumbuka. Anayeleta taslimu aje baada ya biashara kufungwa, na pesa haiingii mfukoni kabla jina halijaingia daftarini. Akiandika, anatamka: "Mama Fulani, elfu kumi, leo Jumanne." Kutamka si kiroja. Sauti yako mwenyewe inakulazimisha kusimama kwenye jambo hilo kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo ndizo zilizokuwa zinakosekana.

Sheria za namna hiyo zina nguvu kwa sababu zinafunga tendo kwenye tukio. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba mipango ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi" hutekelezeka kuliko nia ya jumla. "Nitajitahidi kukumbuka dawa" ni nia. "Nikishaweka mswaki chini, nameza dawa" ni mpango, kwa sababu mswaki utauweka chini tu. Huo ndio usahaulifu ninaouona ukisumbua zaidi, wa mambo yajayo: kumpigia fundi, kurudisha bakuli la jirani, kununua umeme kabla haujakatika. Yajayo hayana mtu wa kukuuliza mpaka muda umeshapita.

Wapo wanaofunga fundo kwenye pindo la kanga ili wakumbuke jambo. Sina ugomvi na fundo, ila linakwambia kuna kitu bila kukwambia ni kitu gani, na wengine wakilifungua wanakuta ni shilingi mia tano ya juzi. Kengele ya simu nayo ina kasoro hiyohiyo ikiwa mlio ni mmoja kwa kila kitu na haina maneno. Mtu anaizima huku akiendelea na alichokuwa akifanya. Andika kwenye kengele yenyewe: "Zima maharage." Na usiizime ukiwa umekaa. Simama, nenda jikoni, zima jiko, kisha ndiyo uzime simu. Bakuli la jirani lining'inie ndani ya mfuko kwenye kitasa cha mlango, ulishike kwa lazima unapotoka. Kikumbusho kikae pale tendo litakapofanyika, si pale ulipolifikiria.

Dawa zina shida ya pekee kwa sababu ni tendo linalofanana kila siku, na leo linachanganyika na jana. Kisanduku chenye vyumba vya siku za wiki kinamaliza ubishi: chumba cha Jumatano kitupu, umemeza. Ukikikosa dukani, bahasha saba zenye majina ya siku zinatosha, zikae mbali na watoto. Ukiwa na shaka na huna ushahidi, usimeze tena kwa kubahatisha. Muulize mfamasia au daktari wako mapema ufanye nini na kila dawa ikitokea hivyo, na jibu liandikwe ndani ya kifuniko.

Namba za siri za simu na benki usiziandike kwenye daftari hilo. Najua kishawishi kipo.

Wagonjwa wangu Waislamu hunitajia jambo ambalo awali sikulitarajia kliniki: kusahau idadi ya rakaa. Wengine inawaumiza kuliko maharage yaliyoungua, wanaona ibada yao imeharibika. Hapo mimi si mwenye kauli, namwambia mtu amuone sheikh wake. Ila huwa nawakumbusha wanachokijua tayari, kwamba mwenye shaka hujenga juu ya idadi ndogo aliyo na yakini nayo, akakamilisha, kisha akaleta sijida mbili za kusahau. Kumbe utaratibu wa mtu anayesahau uliwekwa karne nyingi kabla ya kliniki yangu, bila kumuita mzembe.

Nyumbani, maneno yanayoumiza zaidi ni "nilishakuambia!" Mume au mtoto anasema kweli, alisema. Alisema televisheni ikiwa imewashwa, mama akiwa amegeuka anaosha vyombo na anaumwa mgongo. Huwaomba jamaa wafanye mambo madogo. Mtu aitwe jina na asubiriwe ageuke. Aambiwe jambo moja, kisha lifuatwe na ujumbe mfupi kwenye simu. Neno likimkwama, msimrushie kumi ya kubahatisha, maana kila moja linalifukuza lile analolitafuta. Mwacheni azunguke: "kile cha kuchotea mchuzi," na upawa utakuja wenyewe. Na wale wanaosema "ana mawazo tu huyo" au wanaomtafutia aliyemroga, nawasihi wamuache apumue. Wasiwasi wa kuchungwa nao unakula umakini.

Kazini ni hivyohivyo: maagizo yaandikwe, na kazi nzito ya kichwa iwekwe saa zako za nafuu. Hizo utazijua ukiandika kwa wiki mbili hivi, kila unaposahau jambo la maana, ilikuwa saa ngapi, ulilalaje, maumivu yalikuwa kiasi gani, na nani alikuwa anazungumza nawe. Mara nyingi mstari mmoja hujirudia. Kwa wengine ni alasiri baada ya kusimama kutwa, kwa wengine ni asubuhi kabla mwili haujafunguka.

Michezo ya kumbukumbu ya kwenye simu siikatazi, ila siiagizi. Unakuwa hodari wa mchezo huo, na maharage yanaendelea kuungua. Muda huo ningeupeleka kwenye kutembea. Katika mapendekezo ya EULAR, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa magonjwa haya, yaliyochapishwa 2017, mazoezi ya mwili ndiyo pekee yaliyopewa pendekezo la nguvu kwa fibromialjia. Anza kidogo kuliko unavyodhani unaweza, uongeze polepole. Anayeanza kwa fujo siku ya kwanza hulala kitandani siku tatu.

Halafu kuna dawa zenyewe. Amitriptilini, ambayo wengi hupewa kwa dozi ndogo usiku, inaweza kuacha kizunguzungu na uzito wa kichwa asubuhi. Pregabalini na tramadoli, ambazo nazo hutolewa kwa maumivu, pia huweza kuzubaisha. Na kuna Piriton, ambayo watu humeza kwa mafua au hata kutafuta usingizi bila kumwambia mtu, nayo ikikutana na amitriptilini uzito unaongezeka. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Beba vidonge vyote, hata vya dukani, umwonyeshe daktari. Pengine kubadili saa ya kumeza kutatosha.

Muulize pia kama umepimwa damu, vitamini B12 na tezi ya thairoidi, hasa ikiwa unatumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu, kwani hiyo inaweza kushusha B12. Kama mwenzako anasema unakoroma na kukata pumzi usingizini, au kama hamu ya kila kitu imekuisha, liseme. Yote hayo huharibu kumbukumbu na yanatibika, na mwenye fibromialjia anaweza kuwa nayo kama mtu mwingine yeyote.

Kusahau kwa fibromialjia hupanda na kushuka na siku, na ukikumbushwa jambo kwa kawaida unalitambua. Ukipotea njia ya nyumbani kwako, ukishindwa kutumia vitu ulivyotumia miaka yote, au watu wa nyumbani wakisema hali inazidi mwezi hadi mwezi, uchunguzi mwingine unahitajika. Na kuchanganyikiwa kwa ghafla, au maneno kukwama kwa ghafla pamoja na uso kupinda, mkono au mguu kulegea upande mmoja, au kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kuumwa, hakusubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na aliyekuwa nawe aseme hali ilianza saa ngapi.