Sororiti za Marekani: tunayoyadhani na yalivyo

Wengi wetu tumezijua sororiti, vile vyama vya wasichana katika vyuo vya Marekani, kwa njia ya sinema: jumba la kifahari, fulana za rangi moja, muziki hadi alfajiri, na hisani ikiwa geresha tu ya kufunika sherehe. Sinema haikudanganya kila kitu, ila imeacha mengi nje.

Kwamba ni vyama vya Kigiriki. Cha Kigiriki ni herufi tu za majina yao, kama Alpha na Delta. Neno "sororiti" limetokana na Kilatini *soror*, yaani dada. Lilianza kutumiwa na Gamma Phi Beta, chama kilichozaliwa Chuo Kikuu cha Syracuse mwaka 1874, baada ya profesa mmoja kulipendekeza. Kabla yake, vyama vingi vya wasichana vilitumia jina lilelile la vyama vya wavulana, *fraternity*, lenye mzizi wa neno "kaka"!

Kwamba sheria inakataza wasichana wengi kuishi nyumba moja, isije ikahesabiwa danguro. Uvumi huu umezunguka vyuo vingi mno, na wanaoutafuta katika vitabu vya sheria hutoka mikono mitupu.

Kwamba ada ya mwanachama ndiyo sadaka. Hapa hata wenyewe huchanganya. Ada huendesha chama: nyumba, bima, mikutano, na ndiyo, sherehe. Kisheria vingi ni vilabu vya kijamii, na anayeichangia klabu hapati nafuu ya kodi kama anayechangia shirika la hisani. Ndiyo maana vyama vya kitaifa vimeunda wakfu zenye akaunti zake, au huchangishia mashirika mengine. Chi Omega huchangisha kwa ajili ya Make-A-Wish, linalotimiza matamanio ya watoto wagonjwa. Alpha Delta Pi husaidia nyumba za Ronald McDonald, ambako wazazi hupata pa kulala mtoto anapolazwa mbali na kwao. Kwa hiyo ukiuziwa keki ya hisani chuoni, si utovu wa adabu kuuliza pesa inaingia akaunti ipi.

Kwamba huingii mpaka uteswe. Hii ni nusu kweli, na sioni haja ya kuipaka rangi. Vyama vyenyewe vimepiga marufuku mateso ya kuwakaribisha wapya, na mwaka 1990 baraza la vyama vya Weusi lilifuta kabisa kile kipindi cha majaribio alichopitia mpya kabla ya kuwa mwanachama. Mateso yakahamia mafichoni. Desemba 2024 ikapitishwa sheria ya nchi nzima inayovilazimu vyuo kuyatangaza matukio hayo.

Kwamba ukihitimu, umemalizana na chama. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, hasa kwa sororiti za wanawake Weusi, ambako uanachama ni wa maisha na kazi nzito hufanywa na waliokwisha kuhitimu. Alpha Kappa Alpha ilianzishwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1908. Mwaka 1935 wanachama wake, wakiongozwa na Daktari Dorothy Boulding Ferebee, walikwenda Mississippi kutibu familia za Weusi waliolima mashamba ya pamba ya Wazungu. Walisafiri kwa magari yao wenyewe. Walipofika, wenye mashamba wakakataa kuwaruhusu vibarua waende kliniki. Wale wanawake hawakubishana nao. Walipakia dawa na vifaa garini, wakaipeleka kliniki shambani. Walichanja watoto dhidi ya ndui na dondakoo, wakafundisha akina mama lishe na usafi, na wakarudi kiangazi baada ya kiangazi hadi 1942, vita ilipofanya petroli na matairi kuwa vya mgawo. Wengi wao walikuwa walimu na wauguzi waliotoa likizo zao kwa kazi hiyo. Huwezi kuiita geresha ya kufunika sherehe.

Dada zao wa Delta Sigma Theta, nao wa Howard, walikiunda chama Januari 1913. Tarehe 3 Machi mwaka huohuo walikuwa barabarani Washington, katika maandamano ya kudai wanawake wapige kura. Na ukidhani haya ni mambo ya ng'ambo yasiyotuhusu, kumbuka Thika: katika miaka ya 1960 chama hichohicho kilichangia wodi ya wazazi katika hospitali ya huko.